Mtoto Mbelekoni Wakati wa Kipupwe

Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane, Njombe na Makete huamka ndani ya ukungu. Juu kwenye uwanda wa Kitulo, ulioinuka kiasi cha mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, umande huganda usiku na alfajiri majani huonekana meupe. Mufindi, Lushoto, na ng'ambo ya mpaka nchini Kenya, huko Limuru, Kinangop na Molo, watu wanaijua baridi ya namna hiyo au iliyo karibu nayo. Lakini kliniki haingoji jua litoke. Siku ya chanjo ni siku ya chanjo, viazi vinataka kung'olewa, soko lina siku yake, na mama aliyejifungua juzi juzi anatoka nyumbani bado giza giza, mtoto akiwa mbelekoni.

Kumbeba mtoto katika baridi si kosa. Ni njia nzuri kuliko nyingi, na nitaeleza kwa nini. Kinachonitia wasiwasi ni hofu ya baridi inapotufanya tumzibe mtoto hewa. Utamwona mzazi kwenye stendi ya Makambako saa kumi na mbili asubuhi, ana furushi mgongoni: blanketi juu ya blanketi, shali juu ya hapo, na huwezi kusema kichwa kiko upande gani. Mzazi huyo anampenda mwanawe. Anafanya alichoona wengine wakifanya. Ila mtoto anahitaji vitu viwili kwa wakati mmoja, joto na hewa, na hakuna sababu ya kumnyima kimoja ili apate kingine.

Joto la mtoto aliyebebwa linatoka mwilini mwako. Nguo za juu kazi yake ni kulizuia lisitoroke na kuzuia upepo na mvua visiingie. Ukilishika hilo, hutapata haja ya kumfunika uso.

Kwa nini mtoto hupoa upesi

Mtoto mchanga ana mwili mdogo, lakini ngozi yake ni nyingi ukiilinganisha na uzito wake. Joto hupotelea kwenye ngozi, hivyo yeye hulipoteza kwa kasi kuliko mtu mzima. Kichwa peke yake ni kama robo ya urefu wake wote, na mara nyingi ndicho kinachosahaulika. Sisi tukipigwa na baridi tunatetemeka, na kutetemeka huko hutupatia joto. Mtoto mchanga hana uwezo huo. Anategemea mafuta ya namna ya pekee, ya rangi ya kahawia, yaliyowekwa shingoni, katikati ya mabega na kuzunguka figo. Mwili huyachoma ili kupata joto, na kazi hiyo hula oksijeni na sukari ya damu. Ndiyo maana mtoto aliyepoa hulegea, akilegea hanyonyi, na asiponyonya huzidi kupoa. Mtoto njiti ana hali ngumu zaidi, kwa sababu alizaliwa kabla mafuta hayo hayajatosha.

Ukimpima kwapani, joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba ameanza kupoa akishuka chini ya 36.5, na akifika chini ya 32 hali ni mbaya sana.

Ogopa maji kuliko unavyoogopa hewa ya baridi. Maji hupitisha joto kwa kasi ya mara 25 hivi ukilinganisha na hewa tulivu. Nepi iliyolowa, kitenge kilichonyeshewa, nywele ambazo hazijakauka baada ya kuoga, vyote hivyo humnyang'anya mtoto joto hata kama umemvika masweta matatu. Kabla hujatoka mbadilishe nepi, na beba kitenge cha akiba kikavu ndani ya mfuko wa nailoni. Siku ya baridi kali, kama mna safari ya asubuhi, mwogeshe jioni ya jana au mpanguse tu. Kwa aliyezaliwa leo, ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni kungoja walau saa 24 kabla ya kumwogesha mara ya kwanza.

Somo kutoka Bogotá na Muhimbili

Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi na mashine za kuwapa joto zilikuwa hazitoshi. Aliwafungia mama zao kifuani, ngozi kwa ngozi, wakae humo mchana na usiku. Bogotá iko juu milimani, kimo chake ni karibu sawa na cha Kitulo, na baridi yake inajulikana. Njia hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa huduma ya kangaroo, na leo utaikuta katika wodi za wazazi za hospitali zetu nyingi.

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilishiriki katika utafiti mkubwa wa njia hiyo pamoja na hospitali za Ghana, India, Malawi na Nigeria. Watoto waliohusika walizaliwa na kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kati ya waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, asilimia 12.0 walifariki ndani ya siku 28 za kwanza. Kwa waliongojewa kwanza hali yao itulie ndipo wawekwe kifuani, walikuwa asilimia 15.7. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba kila mtoto njiti, au aliyezaliwa na uzito mdogo, apewe huduma hiyo mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 mpaka 24 kila siku.

Nimeyaleta haya kwa sababu yanamhusu hata mzazi wa mtoto wa kilo tano anayepanda Coaster ya Njombe. Mwili wako una joto la nyuzi 36 au 37 saa zote na hauhitaji mkaa wala umeme. Kila nguo nene unayoiweka kati yako na mtoto inamtenga na joto hilo. Kwa hiyo panga kinyume na tulivyozoea: kati yenu wawili, nguo chache na nyepesi. Nyuma yake, upande wa nje, ndipo paongezwe.

Namna ya kumfunga

Mtoto ambaye shingo haijakaza abebwe mbele, wima, kifua chake kwenye kifua chako. Wengi shingo hukaza kwenye mwezi wa tatu au wa nne, lakini usihesabu miezi tu. Mtazame: akishikwa wima, anakizuia kichwa chake mwenyewe bila kuyumba? Najua mitaani wapo wanaowapandisha mgongoni wakiwa na wiki tatu. Kwa maoni yangu huo ni ujasiri usio na faida, na katika baridi ni mbaya zaidi, kwa sababu mgongoni humwoni na umemrundikia nguo.

Ukimbeba mbele, magoti yake yawe juu kidogo kuliko makalio, miguu imetanuka kama ya chura, na kitambaa kimshike kutoka nyuma ya goti moja hadi nyuma ya goti la pili. Mkao huo huziweka nyonga vizuri kwenye vifuko vyake. Hapa baridi hutuponza: wapo wanaomviringisha mtoto blanketi kwanza, miguu imenyooka na kubanwa pamoja, kisha ndipo wamfunge. Nyonga za mtoto mchanga bado ni laini, na kuzinyoosha kwa nguvu saa nyingi kila siku kunaweza kuzitoa mahali pake. Mfunge miguu ikiwa imekunjwa, halafu blanketi lije juu.

Ukingo wa juu wa kitambaa ufike kwenye shingo ya nyuma, chini ya masikio, usipande kichwani. Kaza mpaka tumbo lake ligusane na lako. Kisha jipime: inama kidogo mbele huku mkono wako uko mgongoni mwake. Akiachana na kifua chako, mbeleko imelegea. Jipime tena kwa kuinamisha kichwa: unaweza kumbusu utosini bila kujinyoosha? Kama huwezi, yuko chini mno. Mwisho tia vidole viwili, kimoja juu ya kingine, kati ya kidevu chake na kifua chake. Visipoingia, kidevu kimegota, na hilo ni la kurekebisha hapo hapo ulipo, hata kama gari linapiga honi.

Nalikazia jambo la kidevu kwa sababu maafa yake hayana kelele. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na kisogo chake kimejitokeza nyuma. Mbeleko ikilegea, mgongo hujikunja, kidevu hushuka kifuani, na koo lake, ambalo bado ni laini, hukunjika. Hatalia. Atakaa kimya, na aliyembeba atafurahi kwamba amelala. Mwezi Machi 2010 mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vibebeo vya mfuko, vile ambavyo mtoto hulala ndani akiwa amejikunja, baada ya kubaini vifo visivyopungua 14 katika kipindi cha miaka 20. Kumi na viwili kati ya vifo hivyo vilikuwa vya watoto wasiofikisha miezi minne. Ukisikia mtoto anakoroma, anaguna au anapumua kwa shida mbelekoni, usibembeleze. Mtoe, mnyooshe shingo, mtazame. Na ukimnyonyesha akiwa humo humo, ambalo wengi hufanya na si vibaya, mpandishe juu tena akishamaliza.

Aliyekaza shingo aende mgongoni, namna ile tuliyolelewa nayo. Inama, mlaze mtoto katikati ya mgongo, pitisha kanga chini ya makwapa yake, kaza mbele juu ya matiti, kisha upande wa chini uushike chini ya makalio yake mpaka akae kama aliyeketi. Msimu wa baridi una mtego mmoja hapa. Ukimfunga ukiwa umevaa sweta nene, na yeye kavaa lake, kanga huonekana imekaza sawasawa. Ukishatembea mwendo wa nusu saa sufi hizo hubanana, pengo hutokea, na mtoto anateremka. Vaa nguo nyepesi, mfunge kwa kanga, ndipo uvae sweta au kitenge cha pili juu ya wote wawili. Kanga ya kwanza ibebe uzito. Ya pili izuie baridi. Ikilegea ya pili, hakuna anayeanguka.

Nguo ngapi?

Kanuni wanayoitumia madaktari wengi wa watoto ni kwamba mtoto avae nguo moja zaidi ya ile inayokutosha wewe. Lakini mtoto wa mbelekoni ana hesabu yake: kitambaa kilichomzunguka ni nguo, na mwili wako ni zaidi ya nguo. Fulana ya pamba yenye mikono mirefu, suruali ya kufuma, soksi na kofia vinamtosha kwa asubuhi nyingi za Njombe, mradi juu yenu kuna kitu cha kuzuia upepo.

Ulinzi uuweke zaidi kwenye miguu. Mtoto akikunja magoti suruali hupanda, soksi fupi huvuka, na kutoka kwenye kifundo mpaka katikati ya muundi ngozi inabaki wazi kwa upepo. Soksi ndefu zinazofika magotini, zile za kufumwa kwa mkono zinazouzwa sokoni, ni bora kuliko viatu vya kupendeza. Nguo iliyounganishwa na miguu inunuliwe kubwa kwa saizi moja, kwa maana akikunjwa humvuta vidole. Kofia imbane vizuri, isiwe ya kuteremka hadi puani, na isiwe na kamba ya kufunga kidevuni. Mkiingia ndani au kwenye gari lenye joto, ivue.

Kwa nguo ya juu, sijaona kitu kizuri kuliko koti kubwa la kiume la mtumba. Mtoto akiwa mbele, livae na ufunge vifungo juu yenu wawili mpaka kwenye mabega yake, kichwa kibaki nje. Kwa aliye mgongoni, shuka zito la Kimasai au kitenge cha pili kikipita juu ya mabega yako na kushuka chini ya miguu yake hufanya kazi hiyo hiyo. Baba pia anaweza, na kifua kipana kina joto la kutosha. Ningependa kuwaona wababa wengi zaidi wakiwabeba watoto kifuani siku za kliniki badala ya kusimama pembeni wameshika mwavuli.

Hatari ya kumvika kupita kiasi ni ya kweli, sisemi kwa kutishana. Mtoto hawezi kujifunua. Joto likizidi hutoka vipele, anakuwa mwekundu au anahema, na watafiti wa vifo vya ghafla vya watoto usingizini wanataja joto la kupindukia miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Tena akitoka jasho nguo hulowa, na mkitoka nje jasho hilo ndilo litakalompoza.

Usimpime kwa mikono wala nyayo. Hizo huwa za baridi hata kwa mtoto mzima wa afya. Ingiza vidole viwili, vikiwa vimepata joto mfukoni, chini ya kola mpaka kwenye shingo ya nyuma na juu ya mgongo. Pakiwa na joto la kawaida na pakavu, yuko salama. Pakiwa na unyevu au pamoto, punguza nguo. Pakiwa pa baridi, chukua hatua, na nitarudi kwenye hatua hizo.

Uso ubaki wazi

Bibi atasema mfunike mtoto uso, upepo usimwingie. Anasema kwa upendo na hastahili kujibiwa kwa ukali. Mwambie: "Shikamoo bibi, nimemfunika mgongo na miguu, nimemkaza kifuani, uso nimemwachia apumue." Mwonyeshe shingo ya nyuma aiguse mwenyewe. Bibi wengi wakishika joto hilo kwa kiganja chao hutulia.

Chini ya blanketi zito hewa haizunguki. Mtoto hutoa pumzi, pumzi ile inabaki pale pale, naye anaivuta tena ikiwa na oksijeni pungufu. Mtu mzima angegeuza kichwa au kulisukuma blanketi. Yeye hana nguvu hizo. Aliye mgongoni ana hatari zaidi kwa kuwa huoni kama pua imegandana na kitambaa. Nailoni ndiyo mbaya kuliko vyote. Mvua ikianza, utamwona mtu anamfunika mtoto kwa karatasi la plastiki mpaka kichwani. Usifanye hivyo hata kwa dakika mbili. Tumia mwavuli, au ingia barazani kwa watu mngoje ipungue.

Upepo ukiwa mkali, ugeuzie mgongo wako kama mtoto yuko mbele. Akiwa nyuma, tembea upande wenye kuta na miti. Shali inaweza kusimamishwa pembeni mwa uso wake kama ukuta, upande mmoja, huku upande wa pili uko wazi. Hewa baridi inayopita puani haimletei nimonia. Nimonia huletwa na vimelea, na vimelea hupatikana zaidi katika vyumba vilivyofungwa vyenye watu wengi, wakati moshi wa jikoni unayadhoofisha mapafu. Kwa mtoto wa miezi miwili, asubuhi ya baridi nje akiwa kifuani kwako ina usalama kuliko kutwa nzima katika jiko la kuni lisilo na dirisha.

Bodaboda, gari na jiko

Kama kuna njia nyingine, usipande bodaboda na mtoto mchanga. Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, upepo unaompiga ni wa kasi hiyo hiyo hata kama miti imetulia, na humpoza kuliko baridi yenyewe. Najua pia kwamba kuna vijiji ambako njia nyingine haipo. Basi ongea na dereva kabla ya kupanda: "Kaka, nina mtoto mchanga, naomba twende taratibu." Msipande mishikaki, abiria kadhaa kwa pikipiki moja. Mtoto aliye mbele yako anaweza kubanwa usoni na mgongo wa dereva breki zikishikwa ghafla, kwa hiyo geuza uso wake upande na ulinde nafasi ya upana wa kiganja kwa mkono wako. Kabla ya kuondoka, ncha zote za kanga, shuka na shali zichomekwe ndani. Kitambaa kinachopepea kikishikwa na tairi au cheni kinamvuta mama na mtoto chini kwa pamoja.

Ndani ya basi, fungua koti na uvue kofia yake mara mnapokaa, maana abiria 30 na madirisha yaliyofungwa ni joto tosha. Katika gari dogo mtoe mbelekoni umweke kwenye kiti cha watoto kama kipo. Mbeleko si mkanda wa usalama, na katika ajali uzito wako wewe ndio utakaomwangukia.

Kwenye matope na umande wa barafu vaa viatu vyenye meno. Mtoto akiwa mbele huoni unapokanyaga, kwa hiyo punguza hatua na mkono mmoja uwe huru kushika ukuta au mti.

Jiko nalo lina mambo mawili. La kwanza ni moto wenyewe: mtoto wa mgongoni ana mikono, na ukiinama kugeuza sufuria mkono wake uko karibu na mvuke kuliko unavyodhani, na ncha ya kitenge iko karibu na makaa. Mpe mtu amshike wakati unapika. La pili ni chumba cha kulala. Kila msimu wa baridi watu huingiza jiko la mkaa ndani, hufunga mlango na dirisha, wakalala. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtoto hudhurika nayo mapema kwa sababu anapumua haraka kuliko sisi. Ukuta wa matofali mabichi na bati vinaruhusu baridi, ni kweli, na huruma yangu yote iko kwa anayelala humo na kichanga. Lakini jiko lisiingie chumbani, hata likionekana limebaki majivu mekundu tu. Ukiwa macho mweke mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike pamoja. Mzazi akishikwa na usingizi, mtoto arudi kwenye sehemu yake, kifudifudi hapana, chali ndiyo, na uso wazi.

Kwa ndugu walio ughaibuni, Wakongo waliopelekwa miji ya Marekani na Kanada na wengine, theluji haibadilishi kanuni hizi ila inafupisha muda. Toka kwa safari fupi na acha kabisa siku ya upepo mkali chini ya sifuri, kwa sababu mashavu na vidole vikiganda huumia kabla hamjagundua. Mkifika dukani fungua koti mara moja. Garini, mvue mtoto koti nene kabla ya kumfunga mikanda ya kiti chake, kwani koti lililojaa hewa huacha mikanda ikiwa legevu wakati wa kugongana. Mfunge kwanza, kisha mfunike blanketi juu.

Akipoa

Mtoto aliyepoa si lazima alie. Dalili za mwanzo ni kunyonya kwa uvivu, sauti ya kulia iliyofifia, usingizi usio wa saa zake, na mgongo wa baridi chini ya nguo. Ingia mahali penye ukuta na paa, popote, dukani au nyumbani kwa mtu. Vua kila kilicholowa. Fungua kifua chako, mweke amebaki na nepi kavu, kofia na soksi tu, mfunge hapo kwa kitenge kikavu, kisha blanketi mgongoni mwake. Mnyonyeshe mara moja, maana maziwa ndiyo kuni zake. Usimwekee chupa ya maji ya moto wala usimsogeze kwenye makaa. Ngozi yake huungua kwa joto ambalo kwako ni la kawaida. Asipopata joto ndani ya saa moja, nendeni kituo cha afya.

Kwa haya mengine usingoje hiyo saa: amekataa kunyonya kabisa, amepata degedege, ameishiwa nguvu hata ukimgusa haamki vizuri, midomo imekuwa ya bluu, chini ya mbavu panabonyea kila akivuta pumzi, au joto lake la kwapani liko chini ya 35.5 au limefika 38. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya mwaka, mpaka ni 50.

Safari ya kwenda zahanati ifanywe naye akiwa kifuani, ngozi kwa ngozi, koti limefungwa juu yenu na uso wake nje, na njiani endelea kumpa ziwa kama anapokea. Ukifika mwambie nesi saa uliyoona mabadiliko na mara ngapi amenyonya tangu hapo, mpe kadi ya kliniki, na usimtoe kifuani mpaka nesi akwambie umlaze.